Ufa Niliouchora Mwenyewe

Jumatano saa nane mchana, jua la Voi likiwa limekolea, sakafu ya ukumbi wetu mpya wa kanisa ililipuka.

Siongezi chumvi. Paa! Vigae vya katikati vikainuka, vikaegemeana.

Akina mama wa usafi walitoka mbio, mmoja na kiatu kimoja. Mbele yao wote alikuwa mamangu mzazi, mwenyekiti wao.

Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kuna pepo ukumbini.

Mimi niliogopa kitu kingine. Ramani ya ukumbi ule niliichora mimi, Shanice, kazi yangu ya kwanza. Kesho yake kamati ya kanisa ingeamua kama nitapewa na kazi ya kuchora nyumba ya padri.

Sasa, sakafu ikipata joto hupanuka. Ndiyo maana niliagiza uachwe mwanya wa upana wa kidole, ukate ukumbi katikati, ujazwe raba laini. Vigae vikisukumana, viwe na pa kwenda.

Alhamisi, kamati ikiwa imesimama pale, nikapiga magoti na kuukwaruza ule mwanya kwa ufunguo. Ngumu. Simiti tupu, imelainishwa vizuri mpaka inang'aa.

Nilipandwa na hasira. Nikamwita fundi Munyoki.

"Munyoki, nilikuambia ujaze nini hapa?"

"Raba. Na nikajaza."

"Basi hii simiti imeingiaje? Ilikuja na miguu?"

Munyoki akaangalia kofia yake. "Madam, mimi sisemi. Aliyeziba ni mtu mzima."

Halafu Mama, aliyekuwa ametoka tu kuongoza maombi ya kufukuza pepo, akakohoa.

"Watu walikuwa wanasema jengo la Shanice limepasuka hata kabla lifunguliwe," akasema. "Nikatoa hiyo raba kwa kisu, nikaziba kwa simiti. Singeacha mtoto wangu achekwe."

Katibu wa kamati, Mzee Thadeus, alijifunika uso kwa faili. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Machozi yalinilenga. Mama alikuwa ameshinda siku nzima magotini akinifichia aibu ambayo haikuwepo.

Kazi ya padri nilipewa. Sharti lilikuwa moja: akina mama wa usafi wasomewe ramani kwanza.

Kwa hivyo wenzangu mnaochora, mkiacha mwanya, msimwambie fundi peke yake. Mwambieni na anayefagia. Akiwa ni mamako, mwambie mara mbili.