Miamvuli ya Newala Niliyoipiga Kutoka Juu

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya Newala ambayo nikiikumbuka naona aibu na kucheka papo hapo. Nakuita mwanangu ingawa thelathini sijafika. Siku hizi vijana wa mtaani kwetu Mkomaindo wanaokuja kwangu kujifunza droni huniamkia shikamoo, nami nimeshazoea kuitikia marahaba bila kuona haya.

Droni nilijifundisha mwenyewe. Nilitazama video kwenye simu, kisha asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, nikaenda uwanja wa mpira wa Lupaso kurusha na kushusha, kurusha na kushusha. Nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilitaka picha isitikisike hata kidogo. Ikicheza kiasi cha unywele, nafuta, naanza upya. Nilidhani picha tulivu ndiyo picha nzuri, na iliyopigwa juu zaidi ndiyo nzuri zaidi.

Ndipo nikaitwa Newala kupiga video ya watoto wanaotoka jandoni. Aliyeniita ni Bibi Somoe, bibi yake Rajabu, mmoja wa watoto hao. Baba yake Rajabu alikuwa kazini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na ruhusa alinyimwa.

"Mwanangu hatakuwepo siku ya mwanawe," Bibi aliniambia kwenye simu. "Wewe ndiye macho yake. Siku hii hairudiwi."

Usiku huo nilichaji betri zangu zote tatu.

Siku ikafika, ngoma zikalia. Watoto walikuja mabegani mwa wajomba zao, wamefunikwa khanga gubigubi, kila mmoja chini ya mwamvuli wake, akina mama wakiwatangulia kwa vigelegele. Mimi nilisimama pembeni na rimoti yangu, nikaipandisha droni juu kabisa. Utulivu ulioje! Msafara ulipita njia ya vumbi jekundu, mikorosho pande zote. Nikazunguka, nikazunguka tena, sikukata ila kubadilisha betri. Betri mbili zilikwisha.

Mchana, watu wakisubiri chakula, niliiunganisha video kwenye luninga ya sebuleni. Dakika ya kwanza walishangilia. Ya tatu mmoja akauliza kama pilau imeiva. Ya tano nikasikia mtu anakoroma.

"Fundi," akasema mjomba wake Rajabu, "hili ni duka la miamvuli, au?"

Wakaangua kicheko. Jirani mmoja akadakia: "Mie hata mbuzi wangu nimemwona, kaingia mihogo ya watu. Rajabu ndiyo sijamwona!"

Bibi Somoe hakucheka. "Mwamvuli wa Rajabu ni upi?"

Nikakodolea macho kioo cha luninga. Ilikuwa miamvuli kumi na mmoja, na kutoka kule juu yote ilikuwa sawa. "Sijui, Bibi."

"Kama wewe uliyekuwepo hujui, baba yake atajuaje?"

Nakiri kwako jambo ambalo wanafunzi wangu wengine hawalijui: nilitoka nje nikaanza kufunga begi ili nitoroke. Bibi akanifuata nyuma ya nyumba.

"Unakwenda wapi? Alasiri wanafunuliwa nyuso."

"Bibi, nimeharibu. Nimebakiwa na betri moja tu."

"Kwani unataka ngapi?" Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza. Zamani maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Kupanda huku na mtungi kichwani, ukiutazama mlima wote unachoka hujafika popote. Mie nilikuwa natazama kisigino cha dada yangu aliye mbele. Hiyo droni yako inayovuma kama nyuki leo imetazama mlima tu. Kabla hujairusha, niambie unamtafuta nani."

"Rajabu."

"Basi kamtafute."

Nikaenda kuuliza maswali niliyopaswa kuyauliza asubuhi. Rajabu atakaa wapi kwenye mkeka? Nani atamfunua? Mama yake alinionyesha khanga ya njano atakayoitandika mwanawe aikanyage. Sikutaka tena kitu kingine.

Alasiri, watu wakiwa wamekusanyika kuwatunza watoto zawadi, niliirusha droni kwa betri ya mwisho. Nilianzia chini, kando ya watu, usawa wa magoti: nyayo mbili juu ya khanga ya njano. Mwamvuli ukaondolewa. Khanga ikafunuliwa usoni. Rajabu akainua macho! Hapo nikaanza kuirudisha droni nyuma na kupanda taratibu: uso wake, kisha bibi yake akicheza, kisha uwanja mzima, mikorosho, ukingo wa uwanda wa juu, na mwisho bonde la Ruvuma likitanda mpaka Msumbiji. Katikati upepo ukaisukuma, picha ikatikisika. Vidole viliniwasha kuanza upya. Lakini Rajabu alikuwa anacheka, na kicheko kile nisingekipata tena. Nikaendelea. Mwanangu, nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyefunga goli!

Katika ile video ndefu ya asubuhi nilichukua kipande kifupi tu, watu wapate kujua safari ilivyoanza. Chini yake niliweka sauti ya ngoma na vigelegele niliyoirekodi kwa simu. Yote ikawa dakika nne, na usiku ule ule tukamtumia baba yake Rajabu kwa simu.

Kesho yake Baba Rajabu akapiga simu, Bibi akaweka sauti kubwa tusikie sote.

"Mama, Rajabu kakonda."

"Atanenepa. Umeona?"

"Nimeona mara tatu. Ule upande wa pili wa mto si ndiko niliko? Basi na mimi nilikuwepo."

Bibi alinipa simu yake nimalizie mazungumzo.

Basi nakwambia wazi. Usirushe droni mpaka umjue mtu au kitu unachokifuata. Anza karibu, panda pale tu ambapo kupanda kunamwonyesha mtazamaji jambo ambalo hakulijua, na ukishaonyesha, kata. Picha iliyotikisika yenye uhai usiifute kwa hofu yako. Mimi nimefuta nyingi mno, na ninazijutia. Na video yako uwaonyeshe watu wanaojua kucheka.

Mungu akupe jicho lenye huruma na mikono isiyo na woga. Akuweke kati ya watu watakaokuambia ukweli ungali na betri moja. Nenda, mwanangu, kapige.