Siku Mama Alipovuliwa Mkufu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mtoto aliyepiga ukelele kwenye karamu ya chama cha kujitolea, katika hoteli moja ya Diani, alikuwa mimi. Alikuwa mimi. Juzi nilimwona mwenyekiti wa chama kama kile akivuliwa mkufu wa uongozi, na uso ukaniwaka kwa haya.

Alasiri ile ukumbi ulinukia pilau na asumini. Mama, muuguzi wa Msambweni, alikuwa anamaliza mwaka wake wa uenyekiti. Alipoitwa mbele nilidhani anapewa tuzo. Kumbe bwana mmoja alimvua ule mkufu mzito, akamvisha mwanamke mwingine, na watu wakashangilia. Sikujua kwamba ndivyo uongozi unavyokabidhiwa. Niliona Mama anaibiwa, na mashahidi wanapiga makofi.

"Mrudishieni mamangu mkufu wake!" nikalia.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza yule bwana.

"Wa mwenyekiti aliyevuliwa," akajibu shangazi yangu. "Mtieni sambusa mdomoni!"

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa Mama. Tangu hapo niliamini kwamba nilimharibia siku yake ya heshima.

Jana nilijikaza, mimi na shahada zangu zote, nikampigia simu.

"Shikamoo, Mama. Siku ile ya mkufu, nilikuaibisha?"

"Marahaba. Mwanangu, kazi ile niliipenda. Machozi nilikuwa nimeyabana tangu asubuhi, maana mwenyekiti halii mbele ya wageni. Ukanililia wewe. Nakushukuru mpaka leo."