Ukurasa Uliokataa Kufunguka

Ruqaiya alizaliwa kisiwani Pate, lakini alilelewa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba hiyo hiyo anayoishi sasa. Ujana wake aliumaliza Nairobi, akisahihisha miswada ya Kiswahili katika kampuni moja ya vitabu vya shule, ambako kila mtu alimwita Mwalimu ingawa hajapata kufundisha. Mamake alipopooza upande mmoja, aliomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani. Akarudi pwani na masanduku mawili na kompyuta kuukuu ambayo mdogo wake, Haroun, aliisafisha yote akaitia mfumo mwepesi wa Linux badala ya Windows, ili mashine iendelee kujikokota.

Miaka ile haikuwa mibaya. Mama alilala chumba cha mbele, Ruqaiya akakaa kando yake na kazi yake, na kila neno lilipomtatiza alimuuliza.

"Mama, mtu huchutama au huchuchumaa?"

"Inategemea anafanya nini huko chini," Mama alikuwa akijibu, na wote wawili wakicheka.

Mama alifariki mwaka jana. Baada ya arubaini Haroun akapata kazi Doha, akaenda. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa. Kisha Ijumaa zikaanza kurukwa. Ruqaiya hakulalamika. Ila alijikuta anaisoma miswada kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, na haikuwa kwa ajili ya kazi. Chakula alikula wima jikoni, sufuria mkononi.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza ruta, kile kisanduku cha intaneti. Mafundi wa mtandao wakaja na ruta mpya, wakaitundika ukutani, wakafungua video moja kwenye simu kuhakikisha, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi Ruqaiya aliwasha VPN, ile njia ya faragha inayomtoa nyumbani na kumwingiza katika mtandao wa ofisi. Ikaunganika kama kawaida. Alama ya kufuli ikatokea juu ya kioo. Akafungua kivinjari, akaandika anwani ya ukurasa wa miswada. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Mwisho kivinjari kikasema ukurasa haupatikani. Akajaribu ukurasa wa habari: ukafunguka mara moja. Akajaribu kivinjari kingine, akazima mashine, akaiwasha upya. Hali ni ile ile. Na siku hiyo kitabu cha darasa la nne kilikuwa kinasubiriwa kwa mpiga chapa.

Alimwandikia Haroun. Ujumbe ukakaa na alama moja tu, haujamfikia. Ndipo akapiga ofisini, akaunganishwa na Gitau, fundi wa kompyuta ambaye hajapata kuonana naye.

"Mwalimu, nakuona kwenye VPN," Gitau alisema. "Umeunganika vizuri kabisa. Sasa hapo Windows yako inasema nini?"

"Sina Windows. Ni Linux."

"Sawa. Mimi Linux naijua ya seva tu, zile kompyuta kuu za ofisi. Lakini tutajaribu. Uko na muda?"

"Muda ninao," Ruqaiya alisema.

Ruqaiya akamsimulia habari ya ruta mpya iliyotundikwa ukutani, wakaanza. Alifuta kumbukumbu za kivinjari, akazima kinga ya mashine na kuirudisha, akaikata VPN na kuiunganisha tena. Hakuna kilichobadilika. Gitau akamwambia afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, amsomee herufi moja moja anachokiona. Ruqaiya akasoma kwa utulivu, kama anavyosoma miswada.

Kati ya jaribio na jaribio kulikuwa na kungoja, na katika kungoja wakazungumza.

"Hiyo ni adhana?" Gitau aliuliza.

"Adhuhuri. Huko hakusikiki kitu?"

"Huku hakuna kitu kabisa. Wote walipelekwa kufanyia kazi nyumbani, nikabaki mimi na seva. Taa za hapa zinajizima zikiona hakuna mtu anayetembea. Kila mara napunga mkono juu, ndio nisikae gizani."

Ruqaiya akacheka. Kicheko kilitoka kikikwaruza, hata yeye akakishangaa. Akamweleza Gitau habari za Mama, jinsi alivyokuwa kamusi yake, na kwamba tangu aondoke kuna maneno anayaacha bila uhakika kwa kukosa wa kumuuliza. Hakuwa amemwambia mtu jambo hilo. Gitau hakusema pole ya haraka haraka. Alisema, "Hiyo ni ngumu, Mwalimu," kisha akamwomba ajaribu kitu kingine.

"Hebu iite ruta yetu ya ofisi kwa namba yake. Tuone kama itajibu."

Ruqaiya akaandika amri. "Inajibu!"

"Kwa muda gani?"

"Milisekunde moja. Moja na nusu."

"Hapana," Gitau alisema polepole. "Kutoka Malindi hadi Nairobi haiwezi kuwa moja. Zima VPN, uite tena."

Akazima, akaita. Jibu likaja vile vile.

"Bila VPN huwezi kutufikia, basi anayekujibu si sisi. Ni hiyo ruta yako ya ukutani. Mafundi wameipa namba sawa na zetu za ofisi. Ukiitafuta seva yetu, kompyuta inadhani iko hapo kwako nyumbani. Inaitafuta humo humo, haioni mtu."

Ruqaiya aliitazama ruta na taa zake za kijani, kisha akauangalia ukumbi uliokuwa mtupu.

Iliyobaki ilikuwa kazi ndogo. Aliitungua ruta ukutani akasoma neno la siri lililobandikwa chini yake, akaingia katika mipangilio, akabadilisha namba moja. Ruta ikazimika, ikawaka. Akaunganisha VPN. Akafungua kivinjari, na ukurasa wa miswada ukaja wote, na kitabu cha darasa la nne juu kabisa.

Kinywa chake kilikuwa tayari kusema "imefunguka", akakifumba. Alijua atakapotamka tu neno hilo, Gitau atamtakia kazi njema na kukata.

"Inaendeleaje?" Gitau aliuliza.

"Bado inawaka," Ruqaiya alisema.

"Hakuna haraka." Gitau akaanza kumweleza kwao Murang'a, na mamake anayekataa kushika simu isiyo na vitufe. Ruqaiya akauliza hili, akauliza lile. Kidole kilikuwa juu ya kipanya, hakikusogea isipokuwa mara moja, alipoufungua mswada kwa mazoea. Mwisho haya zikamshika.

"Bwana Gitau, imefunguka. Imefunguka kitambo."

"Najua, Mwalimu. Nilikuona kwenye seva ulipoingia."

Kisha Gitau akakohoa, akasema kazi njema, na simu ikakatika.

Kitabu kilimfikia mpiga chapa jioni ile. Haroun naye alijibu baadaye: samahani dada, nilikuwa kazini, ushasaidiwa? Akamjibu kuwa ameshasaidiwa.

Siku chache alijizuia. Ijumaa alasiri, baada ya kuswali, alimpigia Gitau.

"VPN imeanguka tena?"

"La. Nimekupigia kukujulia hali tu."

"Oh." Nyuma yake kulisikika simu nyingine ikilia. "Mwalimu, kuna mtu wa Kisumu amekwama. Nitakupigia."

Ruqaiya aliiweka simu mezani, kioo juu, akarudi kwenye mswada. Ijumaa ikapita, na Jumamosi, na Jumapili yote. Alijiambia kijana ana shughuli zake, na kwamba yeye ni mtu mzima wa kutosha kujua hivyo.

Gitau alipiga Jumanne. Hakuwa na mengi. Nairobi mvua ilikuwa imenyesha na viatu vyake vimelowa. Ruqaiya akavuta kiti, akaketi, akamwambia amweleze ilivyonyesha.