Siku Landrova la Baba Mkwe Lilipowaka Bila Kusukumwa

Jamani, kosa ni langu. Msimlaumu fundi, wala shetani msimsingizie. Jina langu sitaji, maana huku Mgwashi wameshalitaja vya kutosha!

Nina mchumba, Upendo. Baba yake ana Landrova la kale analolipenda kuliko sisi wote. Ugonjwa wake mmoja tu: cheche za kuwashia injini. Zile pointi, vyuma vidogo vya ndani ya distribyuta vinavyotoa cheche, zimechoka, kwa hiyo kila Jumapili majirani hulisukuma mpaka liwake, ndipo mzee aende ibadani.

Mimi nikaona hapo ndipo pa kujipendekeza! Mzee alikuwa bado hajatamka kama ananipa binti. Nikaagiza mfumo mpya wa cheche wa elektroniki, nikatazama video kwenye simu, na Jumapili alfajiri, mwenyewe akiwa hana habari, nikang'oa pointi zake nikafunga kitu kipya.

Wasukumaji wakafika na makoti yao ya kanisani. "Leo hakuna kusukuma!" nikawatangazia kwa mbwembwe. Nikaondoa jiwe la gurudumu, nikapitisha mkono dirishani, nikageuza ufunguo.

Likawaka papo hapo! Na likaondoka.

Huku milimani handibreki ni pambo. Gari huachwa kwenye gia, na jiwe chini ya tairi. Hata watoto wanajua. Mimi nilikumbuka jiwe, gia nikaisahau. Mjinga mimi!

Landrova likateremka taratibu, halina mtu, likakanyaga kabeji za mama mkwe, likaenda kuangusha bafu la magunia. Lilipozimika, akabaki mzee amesimama wima, hana hata mkwaruzo, povu mwili mzima, beseni mkononi.

Mkwe kumwona mkwe uchi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu, akishusha beseni panapohusika.

Hakunisemesha tena. Nikapeleka mbuzi wa kuomba radhi. Pointi nikazirudisha kwa mikono yangu. Nililia jamani, nikijua Upendo ndiyo basi tena, na yeye kila akiniona anacheka mpaka anakaa chini!

Juzi mzee kamtuma Upendo kwangu: mbuzi kapokea, binti kanipa. Ila siku ya harusi tutakwenda kanisani na Landrova, na wa kulisukuma mpaka liwake ni bwana harusi peke yake.

Nyie mnaotaka kuwafurahisha wakwe, toeni gia kwanza! Mimi nipo dukani, natafuta suti isiyoonyesha matope.