Kombe la Getini

Sisi Waislamu wa kijiji kile cha Muleba tulikuwa wachache, lakini kwa kubishana juu ya dawa tungetosha nchi nzima. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Muislamu mwenzetu, akisimama mkutanoni alinguruma kwamba kombe ni ujinga, na ujinga ni adui wa taifa. Mgongo ukimbana, huyo kwa mwalimu wa madrasa! Anaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa maji, anayanywa hadi tone la mwisho. Jirani zetu Wakatoliki walitucheka Jumapili mbele za watu, Jumatatu wakapita nyuma ya migomba na sahani zao ndani ya kanga. Njia ya uani kwa mwalimu ilikatiza kibanja chetu, kwa hiyo nawajua wote.

Mimi nilitoka Miembeni, Bukoba mjini, nikaolewa kijijini kule. Mume wangu alifanya kazi melini, nyumbani tukabaki mimi, mwanangu wa kwanza aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mama mkwe. Alinipenda, simnyimi haki yake. Ila akishasema jambo, limesemwa.

Siku moja mtoto akapandwa na homa, akakakamaa, macho yakageuka juu. Degedege. Nikamfunga mgongoni nimkimbize hospitali ya misheni. Mama mkwe akaziba mlango, mikono kiunoni.

"Mawe! Mtoto wa degedege achomwe sindano? Unataka kuniulia mjukuu? Kombe kwanza!"

Kijiji kizima kiliamini hivyo, kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Nikakimbilia kwa mwalimu, yeye nyuma yangu. Mwalimu akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe. Mara ngapi alishatuhubiria kwamba dini imetuamuru tujitibu, na kwamba dawa ya hospitali nayo ni ya Mungu? Nani alimsikiliza? Akaandika upesi upesi, akaosha sahani, akamimina maji kwenye chupa.

"Mama," akasema kwa sauti yake ya mimbarini, "kombe hili lina sharti. Nyumbani halinywewi. Mtampa kwenye geti la hospitali, kisha mumwingize ndani."

Mjanja yule! Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyetangulia njiani, chupa mkononi, akinigombeza nisikokote miguu. Getini tukamlowesha mtoto midomo, ndani akachomwa sindano, na kesho yake akalilia ndizi.

Basi unadhani sifa alipewa nani? Daktari? Thubutu! Sifa ilikwenda kwa geti. Mvua hazijaisha, tayari watu walikuwa wakimiminika pale na chupa zao, wa jino, wa tumbo, hadi mama mmoja aliyesumbuliwa na mkwewe. Mlinzi aliwafukuza mpaka akachoka. Mjumbe naye alionekana pale akifuta midomo, akasema amekuja kukagua usafi. Mlutheri mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama geti la kanisani kwao lisingefaa, maana liko karibu zaidi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Msimu uliofuata nilikuwa kwenye shamba la ujamaa, zamu yangu ya palizi, na zamu ya kijiji huikwepi. Niliporudi mchana nikamkuta mama mkwe ameketi barazani, mtoto mapajani, chupa tupu miguuni pake. Alikuwa na furaha usoni.

"Alishikwa tena asubuhi," akasema. "Usihangaike, nimetoka naye hospitali sasa hivi."

"Wamempa nini?"

"Nani wampe? Nimemnywesha getini, nikarudi. Ulitaka niingie kufanya nini?"

Nilimnyakua mtoto. Alikuwa wa moto kama figa, shingo imelegea. Nilimtukana mama mkwe matusi ambayo mtu hamtukani mkwewe, nikakimbia. Njia siikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba getini sikusimama.

Alipona, Alhamdulillahi. Mama mkwe, mpaka Mungu anamchukua, aliwasimulia wageni jinsi geti lile lilivyomwokoa mjukuu wake mara mbili. Kuliko wageni wote, bibi alipenda kumsimulia mjukuu mwenyewe, akimvuta karibu na kumwinamia kwenye sikio la kulia. La kushoto halijasikia kitu tangu siku ile.