Rukmi Aliliona Kaburi Lake Ukumbini

Saa tisa alasiri, Surabaya. Nyuma ya jukwaa la mbao lililosimamishwa uwanjani kwa ajili ya harusi, Rukmi amekalia ndoo iliyopinduliwa, kioo chake kimeegemea spika. Anavuta kope ya jicho la kushoto kwa kidole, anapaka wanja kwa mkono wa kulia.

"Macho kwanza," anasema. "Mdomo ni wa mwisho, maana bado sijala."

Pembeni yake Tohari, mchekeshaji wa kikundi, anajifunga mkanda juu ya kitambi.

"Dada, punguza poda. Bwana harusi asije akakosea bibi."

"Akikosea, atakuwa amepata nafuu," Rukmi anamjibu bila kugeuka, na wapiga ngoma wanacheka.

Ukimtazama hivi, huwezi kudhani kwamba miezi michache iliyopita mwanamke huyu alikaa ukumbini, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, akatazama filamu ya maisha yake mwenyewe na ndani yake akaliona kaburi lake.

Rukmi ana miaka hamsini. Alizaliwa mvulana, akaitwa Wagiman, katika kijiji cha Ngrandu, milimani huko Trenggalek. Ni waria, kama wanavyoitwa huku wale waliozaliwa wanaume lakini wanaishi kama wanawake. Asubuhi anasuka na kukata nywele katika saluni ndogo karibu na reli. Jioni, kazi ikipatikana, anapanda jukwaani na kikundi cha Sinar Brantas kucheza ludruk, mchezo wa kuigiza wa watu wa Java mashariki, ambao tangu zamani wanawake wake huchezwa na watu kama yeye.

"Mimi nimeshakuwa mke wa mkoloni, mjane, malkia na mama mkwe," anasema. "Mama mkwe ndiye anayelipa. Watu wanapenda kumzomea."

Malipo yenyewe ni rupia laki moja na nusu kwa onyesho, bei ya kuku wawili wa kienyeji. Zamani kikundi kilicheza karibu kila jioni ya kiangazi. Siku hizi mwezi ukiwa mzuri wanapata maonyesho matatu. Wapo wanaokodi muziki wa kompyuta kwa sababu ni rahisi. Wapo pia wasiotaka kuwaona waria jukwaani. Mara mbili kikundi kimefukuzwa kabla ya pazia kufunguliwa, mara moja kwa mawe.

Katika hali hiyo, alipotokea msichana kutoka Jakarta akiwa na kamera na kusema anataka kutengeneza filamu ya maisha yao, hakuna aliyemkatalia. Msichana huyo ni Pramesti. Aliwafuata kwa miaka miwili. Alimpiga picha Rukmi akiosha vichwa vya wateja, akigombana na fundi cherehani, akilala kwenye lori juu ya mapazia.

Aliwapiga picha pia Tohari na Gunadi, dereva wa lori hilo. Wanaume hawa wawili wanaishi nyumba moja kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Majirani huwaita "mabinamu", na sikukuu ya Idi ikifika huwaletea chakula katika bakuli moja. Walikubali kuonekana kwa sharti moja, kwamba kamera ikae nyuma yao.

"Visogo vyetu vinatosha," Tohari alimwambia Pramesti. "Sura zetu tuachie wenyewe, bado tunaishi hapa."

Siku moja Pramesti alimwuliza Rukmi kwa nini harudi kwao. Rukmi alimweleza kile ambacho wenzake wote walikijua. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka mitatu baadaye baba yake alimfuata Surabaya, akamkuta chumba cha kuvalia, amevaa sketi na maua kichwani.

"Hakunipiga," Rukmi anasema. "Ningefurahi angenipiga. Alisimama mlangoni akaniambia, 'Mama yako amesema hana mtoto tena. Ukikanyaga Ngrandu, utamwua kwa aibu.' Akaenda zake. Basi, mimi sikukanyaga."

Miaka ishirini na minane hakukanyaga. Hakujua kama mama yake yu hai.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa pili, katika nyumba ya utamaduni ya mtaa. Kikundi kizima kilialikwa na kukalishwa safu ya mbele. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekaa safu ya tatu, nyuma kidogo ya Rukmi. Mwanzoni ukumbi ulikuwa wa vicheko. Visogo vya Tohari na Gunadi vilipotokea vikiwa vimeinamia karai la vyombo, watu walipiga makofi.

Kisha picha ikabadilika. Tukaona mashamba ya mpunga yaliyopanda mlima kwa ngazi, na bibi kizee aliyejitanda mtandio wa kahawia, akitembea polepole na kikapu cha maua.

Rukmi alimshika Tohari mkono. "Yule ni mama," alisema. "Tohari, yule ni mama yangu. Yu hai."

Bibi kizee aliingia makaburini. Akachuchumaa mbele ya makaburi mawili yaliyokaribiana, akaanza kunyunyiza maua.

"Huyu ni marehemu mume wangu," alisema kwenye kamera, sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayekaribisha wageni. "Ana miaka sita hapa. Na huyu ni mwanangu Wagiman. Yeye alitangulia zamani. Alikufa Surabaya, kwa homa. Hatukuruhusiwa kufungua jeneza."

Kamera ikasogea kwenye jiwe. Jina lilisomeka vizuri.

Mtu mmoja nyuma alicheka, kile kicheko cha kutojua la kufanya, halafu akanyamaza. Rukmi alisimama. Mwanga wa filamu ulimpiga mgongoni, na kivuli chake kikaziba nusu ya picha.

"Wagiman ni mimi," alisema. Hakupaza sauti. "Zimeni hiyo."

Taa zilipowashwa, Pramesti alikuwa ameshafika mbele. Waliokuwa karibu walisikia kila neno.

"Ulijua lini?" Rukmi aliuliza.

"Mwezi wa saba mwaka jana, dada. Nilienda kupiga picha ya nyumba uliyokulia. Walivyoniambia umekufa, nikaishiwa nguvu. Nikaona… nikaona ni afadhali uone mwenyewe, hapa, na watu wanaokupenda."

"Na kamera ile pale? Nayo inanipenda?"

Kweli, kando ya jukwaa kulikuwa na kamera nyingine, imeelekezwa kwenye uso wa Rukmi tangu mwanzo.

"Mama ana miaka themanini na moja," Rukmi aliendelea. "Angekufa mwezi wa tisa, au wa kumi? Ungenionyesha nini leo? Makaburi matatu?"

Pramesti alikaa chini sakafuni akalia. Hakuna aliyemwinua. Gunadi alikwenda kwenye ile kamera, akaitazama kama anayetafuta swichi, mwishowe akavua koti lake akaifunika.

Kesho yake asubuhi lori la kikundi lilielekea Trenggalek, Gunadi akiendesha, Rukmi akiwa katikati, Tohari dirishani. Kabla ya kuondoka walibishana kuhusu nguo.

"Vaa suruali leo tu," Gunadi alimshauri. "Bibi wa watu asije akaanguka."

"Maiti amefufuka, we mtu unafikiri kuna atakayeangalia suruali?" Tohari akamjibu.

Rukmi alivaa sketi ndefu na mtandio anaoendea sokoni. Njia nzima, anasema, hakuwaza atasema nini. Aliwaza tu kwamba huenda mama yake atamwona kama mzuka na moyo utasimama.

Ndiyo maana walianzia kwa mkuu wa kijiji, Bwana Suwondo, ili atangulie kumwandaa. Suwondo alipoambiwa mgeni ni nani, alirudi nyuma hadi akagonga kabati. Yeye mwenyewe alikula wali wa matanga ya Wagiman akiwa kijana. Hata hivyo alikwenda. Walimngoja nje ya ua kwa muda ambao Tohari alivuta sigara tatu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Anasema uingie," alisema. "Lakini anataka taa iwashwe."

Ilikuwa mchana kweupe. Waliwasha taa.

Mama yake, Bibi Tumirah, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi. Hakunyanyuka. Alimtazama Rukmi kuanzia miguuni kwenda juu.

"Sema kitu."

"Mama, ni mimi."

"Kila mtu ni 'mimi'. Sema kingine."

Rukmi alimtajia majina ya ng'ombe wao wawili wa zamani, na yule aliyekufa kwa kula mbegu za pamba. Bibi Tumirah alijiziba mdomo kwa mkono wake.

"Kila Alhamisi jioni nimekusomea Yasini," alisema hatimaye. "Miaka yote hii. Nilikuwa namsomea nani?"

Rukmi naye alimwuliza swali alilolibeba tangu ujana.

"Ni kweli ulisema huna mtoto tena?"

"Nani amesema?"

"Baba."

Bibi kizee aliinuka, akaenda ukutani, akaitungua picha ya mumewe. Aliifuta vumbi kwanza, kwa mazoea. Kisha akaisukumia chini ya kitanda kwa mguu.

Hapo ndipo mambo yalipojipanga. Miaka ile, baba alipomfuata Rukmi, alirudi kutoka Surabaya siku ya tatu, na gari dogo la mizigo, na jeneza lililopigiliwa misumari pande zote. Alisema hospitali imekataza lisifunguliwe kwa kuogopa ugonjwa. Kijiji kilimwamini. Nani angeshuku mtu anayelia juu ya jeneza la mwanawe?

Siku hiyo hiyo ya kukutana na mwanawe, Bibi Tumirah alitaka kaburi lifukuliwe. Imamu alisita, akasema wafu hawasumbuliwi. "Mfu yupi?" bibi alimwuliza. "Huyu hapa anakunywa chai."

Walichimba kesho yake asubuhi. Kijiji kizima kilikuja, na watoto waliofukuzwa walipanda kwenye ukuta. Majembe yalitoa vipande vya mbao zilizooza na misumari yenye kutu. Chini yake hapakuwa na mfupa hata mmoja. Palikuwa na nyuzi nyeusi, nyingi, zimelala kwa urefu wa mtu.

"Shina la mgomba," alisema mchimbaji mmoja.

Mwanamke mmoja alikaa chini ghafla. Ndipo mzee Karsono, mdogo wa baba yake Rukmi, alipovua kofia yake.

"Mimi nilibeba upande wa mbele," alisema. "Jeneza lilikuwa likidondosha maji begani kwangu. Maji yale hayakuwa na harufu. Nikajua hakuna mtu mle ndani. Kaka alinitazama, nikanyamaza."

Bibi Tumirah alimkazia macho. "Na wali wangu ulikula?"

"Nilikula, shemeji."

Bibi aligeuka akaenda nyumbani, Rukmi akimfuata hatua moja nyuma. Watu waliwapisha njia. Wengine walimwamkia Rukmi, wengine walitazama chini, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba afadhali mgomba. Tohari alitaka kurudi akamkabili. Gunadi alimvuta mkono.

Jioni, wakimenya mihogo, bibi alimwuliza mwanawe wenzake wanamwitaje.

"Rukmi, mama."

"Na mimi nitakuita hivyo. Lile jingine lina udongo, nimelililia vya kutosha."

Tangu hapo Rukmi huenda Ngrandu kila wiki ambayo saluni inamruhusu. Si kwamba yote yametulia. Kuna usiku, anasema, huamka akiwa na hasira na mtu aliyekufa, na hasira hiyo haina pa kwenda. Mama naye huacha kuongea katikati ya sentensi, akamtazama, akamshika kidevu kama anayepima.

Pramesti alikuja kuomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza Rukmi alimfungia mlango. Mara ya pili alimpa kiti. Picha za ukumbini, zile za uso wake, zimefutwa mbele ya macho yake. Sehemu ya makaburini itabaki, kwa sababu Bibi Tumirah mwenyewe amesema ibaki.

"Alisema watu waliona mazishi, basi waone na uongo," Rukmi anaeleza. "Pramesti sijamsamehe. Lakini asingekwenda kule, ningekufa mara ya pili bila kujua kwamba nilishakufa mara ya kwanza."

Sasa Rukmi ana mpango. Mavuno yakiisha, Ngrandu hufanya sherehe ya kusafisha kijiji, na desturi ni kualika kikundi cha maigizo. Mwaka huu anataka Sinar Brantas ndiyo ialikwe. Suwondo anasema wapo wanaopinga, naye hajui kama atawashinda. Tohari amejitolea kucheza bure, jambo ambalo wenzake wanadai halijawahi kutokea.

Ngoma zimeanza kugongwa upande wa pili wa pazia. Rukmi anafungua kopo la wali wake, anakula haraka, kisha anajipaka rangi ya mdomo.

"Nimecheza mbele ya askari, mbele ya walevi, mbele ya watu waliobeba mawe," anasema. "Mbele ya mama bado. Naogopa, nakwambia kweli. Wiki iliyopita nimemwambia wakikataa kutualika, tutacheza hata uani kwake. Unajua amefanya nini? Ameng'oa uzio wa upande mmoja, ili lori lipite."

Anasimama, anakunja pindo la sketi, anapanda ngazi.