Nilivyomla jogoo wangu wa chambo ili dada yangu aolewe

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, sijakiokota kijiweni. Mwenye haraka apite tu, maana nina hasira na nitaandika kwa hasira.

Naishi Chanika, nyumbani kwa baba. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza chambo cha manyoya. Kwa wasiojua: unachukua ndoano ndogo, unaibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, unazungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Samaki akiiona juu ya maji anajua msosi umefika.

Wateja wangu ni watu wanaovua samaki wa kizungu, trauti kwenye mito ya baridi huko milimani, na besi kwenye mabwawa. Mwenye kambi moja ya watalii ndiye aliyekuwa anachukua karibu kazi yangu yote.

(Najua kuna atakayeuliza kwa nini wasitumie minyoo. Mkuu, waulize wao.)

Ishu iko kwenye manyoya ya shingo ya jogoo. Yakiwa laini yanalowa na chambo kinazama. Ya kuku wa kisasa ndiyo kabisa, hayafai hata kidogo. Nilihangaika sana mpaka nikapata jogoo mmoja wa kienyeji, wa kijivu, manyoya membamba, magumu, yanang'aa. Nilimlea toka kifaranga. Nilikuwa namnyofoa machache, namwacha yaote tena.

Sasa jirani anaona nini? Mwanaume mzima kakaa barazani, jogoo mapajani, uzi mwekundu, ndoano, manyoya. Na jogoo mwenyewe Krismasi inapita, Pasaka inapita, hachinjwi. Malizieni wenyewe.

Maneno yakasafiri mpaka Kawe, kwa wakwe watarajiwa wa dada yangu Neema. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa, bado mahari tu. Mshenga wao akaja, akanywa chai taratibu, ndipo akasema:

"Mzee, mimi binafsi sina neno. Ila wazee kule wamesikia hapa kuna jogoo haliwi. Wanauliza ni wa kazi gani."

Nikakimbilia ndani kuleta boksi langu la chambo. Nilidhani akiona ataelewa. Aisee! Alipoona vile vindoano vimevishwa manyoya na uzi mwekundu, akarudisha mikono mapajani.

"Funika tu, kijana wangu. Funika."

Nikamgeukia baba. Wakuu, baba yangu ndiye aliyekuwa ananishikia yule jogoo wakati namnyofoa. Anamfunika macho na kiganja ili atulie. Alijua kila kitu. Ilikuwa ni kusema sentensi moja tu.

Akamwambia mshenga, "Waambie wazee, siku ya mahari watamla huyohuyo."

Nilibembeleza. Nikasema kuku wengine wapo, hata mbuzi nitatafuta. Baba akaniuliza, "Unataka dada yako azeekee hapa kwa sababu ya jogoo?" Neema alinifuata uani akiwa analia. "Kaka, naomba. Mie sina kaka mwingine wa kumwomba."

Ningefanyaje?

Nikaomba jambo moja: nimchune ngozi ya shingo ikiwa bado kavu, kabla ya maji ya moto, kwa sababu ile ngozi ikikaushwa na chumvi inakupa manyoya ya muda mrefu. Baba akakataa. Alisema wageni wakiniona nabakiza manyoya ndiyo nitakuwa nimewathibitishia.

Siku ya mahari nilimchinja mimi. Mashangazi wa bwana harusi walisimama jikoni wakihakikisha. Akatumbukizwa kwenye sufuria la maji yanayochemka, manyoya yakatoka yamenata kama nywele za mtu aliyenyeshewa, yakaenda shimo la taka.

Mezani baba akanipakulia shingo. Watu wazima, wengine na tai zao, wananitazama mdomo. Nilitafuna mpaka mifupa. Nilipomeza ndipo mshenga akacheka na kusema, "Haya, tuendelee na mengine."

Neema ameolewa, ana furaha, na sijutii hilo. Ila jogoo wengine niliojaribu hawafai. Mwenye kambi alivumilia mizigo miwili ya chambo kinachozama, akatafuta mtu mwingine. Sasa nabeba mizigo kwenye ghala moja la saruji. Baba anasema afadhali nina kazi inayoeleweka.

Nilichojifunza: majirani hawakuniumiza kihivyo, hawakujua. Aliyeniumiza ni aliyejua akanyamaza. Tunakula meza moja kila siku na sijui nimsamehe kwa njia gani.

Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Nisemeni mnavyotaka, nitasoma zote. Ila asije mtu hapa akaniambia kuku ni kuku tu.